Redio ya Baba Mkwe Inanong'ona

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha nimelala chali ndani ya gari la baba mkwe, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, bisibisi nimeibana kwa meno kama mtu anayejua anachofanya.

Sikujua.

Kwa anayeanza na mimi leo, aibu yangu ilianza hivi. Miaka kumi na moja iliyopita nilikwenda kujitambulisha ukweni. Mzee akaniuliza, "Unafanya kazi wapi, kijana?" Nikajibu, "Shirika la umeme." Hapo sikudanganya. Akauliza tena, "Injinia?"

Nikakohoa.

Kikohozi kile kilipokelewa kama ndiyo.

Ukweli ni kwamba mimi ni msoma mita. Nabisha hodi, nafungua kiboksi, naandika namba, nakimbia mbwa. Umeme wenyewe nauogopa kuliko hao mbwa. Lakini tangu siku ile ukweni kote naitwa Injinia. Mke wangu, Mama Pacha, anaujua ukweli. Aliniambia uongo ni wangu, nitaubeba mwenyewe, yeye asihusishwe. Nimeubeba. Hata Mzee alipofiwa na mkewe na kuhamia kwetu sikuutua. Kila asubuhi natoka nyumbani nimechomekea shati, buti za kusomea mita nimezificha kwenye mfuko wa plastiki.

Mzee alikuja na sanduku moja na gari lake dogo la zamani, lenye redio ileile liliyotoka nayo kiwandani. Kwa gari hilo anawapeleka mabinti zetu pacha shuleni na kuwarudisha. Kwa miezi mitatu wimbo wake ulikuwa mmoja: redio inanong'ona. Mwishowe akasema mbele ya wageni, "Nyumba ina injinia, mimi nisikilize habari za kunong'onezwa?"

Wageni wakanitazama. Nikaahidi.

Sasa tuendelee.

Nilimwomba Mzee tochi. Kimya. Nikamwomba tena. Kimya. Nikajua ananipima, anataka aone kama injinia wa kweli anahitaji mwanga.

Halafu akainama, uso wake ukaja juu ya uso wangu. Ana tabia hiyo. Akiongea na mtu, lazima amkodolee macho usoni, na mimi siku zote nilikuwa nikidhani anautafuta ule uongo.

"Injinia, huo waya mwekundu ni wa nini?"

"Wa kupeleka, Mzee."

"Kupeleka wapi?"

"Mbele."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelimishwa.

Pembeni yangu kulikuwa na amplifaya, boksi la bati lenye ukubwa wa kamusi. Aliyeniuzia ni fundi wa umeme wa magari anayeitwa Dada Fyuzi, mwanamke mwenye banda lake nyuma ya kituo cha mafuta, na mdomo usiotumia kifuniko. Alinieleza vizuri sana.

"Sikiliza, kaka. Nyaya za spika zinatoka nyuma ya redio. Zikate, uziingize kwenye amplifaya. Amplifaya ndiyo itakayoipeleka sauti kwenye spika, sasa ikiwa na nguvu. Huu mnene unatoka kwenye betri, na lazima upitie kwenye fyuzi. Huu mweusi unaubana kwenye bati la gari, ukwangue rangi kwanza. Na huu mwembamba wa bluu ndio unaoiamsha amplifaya redio ikiwashwa. Usiukosee."

Niliandika yote kwenye kiganja. Nilipofika chini ya dashibodi, jasho lilikuwa limeshayasoma na kuyafuta. Lililobaki ni neno moja: usiukosee.

Nikaukosea.

Nilikata, nikaunga, nikafunga kwa utepe mweusi mpaka nyaya zikawa nene kama vidole vilivyofungwa bendeji. Rangi sikuikwangua, niliionea huruma. Waya wa bluu nikautafutia mwenzake. Nikaona waya mmoja uko peke yake, nikawaoza.

"Washa, Mzee."

Mzee akakaa kwenye usukani, akawasha redio. Hakuna kitu. Hata ule mnong'ono wa zamani ulikuwa umekufa.

"Mbona kimya?"

"Inajipanga."

Tukakaa pale tukiisubiri ijipange. Kijasho chembamba kikaanza safari kutoka kisogoni. Wingu lilikuwa limetanda, na Mzee, ambaye hawezi kukaa kwenye gari bila kushika kitu, akawasha taa za mbele.

Habari za mchana zikalipuka ndani ya gari. Mzee akaruka, kichwa kikagonga dari. Paka wa jirani akahama ukuta.

Mzee akazima taa. Kimya. Akawasha. Habari. Akazima. Kimya.

Akanigeukia. "Injinia, redio inatumia taa?"

"Ni mfumo mpya, Mzee. Wa kulinda betri."

Mungu anisamehe, maana fundi yeyote aliyesoma hapo hatanisamehe.

Kesho yake Mzee aliwapeleka pacha shuleni jua likiwaka, taa zote zikiwaka, redio ikinguruma. Na kila alipokanyaga mafuta, spika zilitoa mlio kama wa mbu, mlio uliopanda na kushuka pamoja na mguu wake. Madereva waliopishana naye walimwashia taa kumkumbusha azime zake. Yeye akawapungia mkono.

"Watu wameanza kuniheshimu barabarani," akaniambia jioni.

Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Hakuinua kichwa. "Baba Pacha," akasema, "kabla hujalichoma moto gari la baba yangu, lipeleke kwa mtu anayejua."

Nikamwambia Mzee nalitoa gari kulijaribu kwenye mwendo. Nikaenda nalo moja kwa moja kwa Dada Fyuzi.

Alifungua dashibodi, akatazama kazi yangu kwa muda mrefu, kisha akawaita mafundi wa banda la jirani nao waje watazame. Walikuja watatu. Mmoja alivua kofia.

"Kaka," Dada Fyuzi akasema, "huu waya wa bluu umeuunga kwenye waya wa taa za dashibodi. Ndiyo maana amplifaya yako inaamka pale tu taa zikiwashwa. Huu mweusi umeubana juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme vizuri, ndiyo maana unasikia mbu. Na spika ya kushoto umeiunga kinyume, hasi kwenye chanya. Moja inasukuma, mwenzake anavuta. Sauti nzito yote inakufa katikati. Nani aliyekufundisha?"

"Wewe."

Wale mafundi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Alifanya kazi kama anayemenya chungwa. Alikwangua rangi, akageuza nyaya, akahamisha waya wa bluu, akafungua tepe zangu zote na kuzitupa bila heshima. Kabla hajamaliza akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alichomoa amplifaya, akaunga nyaya kama zilivyotoka kiwandani, akawasha redio peke yake. Akafunga milango na vioo, akanichukua tukasimame upande wa pili wa uwanja.

"Unasikia?" akaniuliza tukiwa kule.

Nilikuwa nasikia. Mtangazaji alikuwa anasoma matokeo ya mpira, neno kwa neno, na mlango umefungwa.

Dada Fyuzi akarudi garini, anajifuta mikono. "Na sauti nimeiweka katikati tu. Redio hii haina ugonjwa. Nani aliyekwambia inanong'ona?"

"Baba mkwe."

"Ana umri gani?"

"Sabini na kitu."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kiwanda cha nguo. Mashine za kufuma. Miaka thelathini na minne."

Akanitazama kwa mara ya kwanza bila dharau, na hapo ndipo nilipoogopa. Dharau yake nilikuwa nimeizoea.

"Kaka, umebomoa dashibodi bure. Kilichochoka si redio."

Nilikaa kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, mambo yakaanza kunijia moja moja. Tochi niliyoiomba mara mbili. Jinsi Mzee asivyoitika akiitwa kutoka chumba cha pili. Sisi tulisema ni ukubwa, mtu mzima hapigiwi kelele, unamfuata alipo. Jinsi anavyozima televisheni kila msomaji wa habari akifunikwa na picha za mafuriko. Tulisema hapendi huzuni.

"Nikurudishie ya kiwandani au nikuachie amplifaya?" Dada Fyuzi akauliza.

Mtu mwenye akili angesema, rudisha ya kiwandani, nikampeleke mzee hospitali.

"Acha amplifaya," nikasema.

Njiani nilijiapiza kwamba nikifika tu nitamwambia Mzee ukweli. Nilipanga hadi maneno. Mzee, redio ni nzima, twende tukapimwe masikio. Maneno machache tu, mtoto wa darasa la kwanza angeyasema.

Nilifika. Mzee akaingia kwenye gari, akawasha redio bila taa. Mtangazaji wa kike alikuwa anasoma salamu za wasikilizaji. Mzee akaongeza. Akaongeza tena. Akaenda mpaka mwisho, kitufe kikakataa.

Kisha uso wake ukabadilika.

"Anavuta pumzi," akasema.

"Nani, Mzee?"

"Huyu binti. Kabla ya kusema jina la mtu, anavuta pumzi kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa wanavuta pumzi."

Macho yake yakajaa. Akashuka, akanishika bega mbele ya majirani ambao sasa walikuwa wametoka wote, maana madirisha yao yalikuwa yanatetemeka.

"Mnamwona huyu?" akawaambia. "Huyu ndiye injinia wangu."

Jirani mmoja akanipigia makofi. Na mimi, maneno yale niliyoyapanga, niliyameza yote mazimamazima. Nilijua anachohitaji yule mzee, nikampa kelele, kwa sababu kelele zilikuja na sifa. Hii ndiyo sehemu ambayo ningeiruka kama nisingekuwa nimewaahidi kusema kila kitu.

Siku nne nilikuwa mtu. Mzee alinikatia kipande kikubwa cha mkate. Alimwambia Mama Pacha mbele yangu kwamba alichagua vizuri. Mama Pacha akanitazama kwa jicho ambalo wanandoa wenzangu wanalijua.

Siku ya tano, mezani, pacha wakaanza.

"Baba," akasema Kulwa, "leo kulikuwa na gari la wagonjwa nyuma yetu."

"Lilikuwa linalia wii-woo, wii-woo," akasema Doto, na akalia kabisa ili tusikose picha.

"Babu hakuliachia njia."

"Mpaka yule mtu akashuka akagonga kioo cha babu."

"Akasema neno baya."

"Niliseme?"

"Usiliseme," akasema mama yao. Alikuwa ameweka kijiko chini. "Mlimwambia babu kuna gari la wagonjwa?"

"Tulimwambia. Babu anatusikia sisi. Ila alikuwa anaangalia mbele," akasema Kulwa.

Hatukuelewa maana yake. Mama Pacha alinigeukia. "Kwa nini baba hakusikia king'ora?"

Mzee alikuwa bafuni. Hapo mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa, ulibaki mguu wangu tu.

"Ni redio," nikasema. "Iko juu sana."

"Basi ipunguze. Leo."

Kwa hiyo mimi, niliyeiongezea nguvu redio isiyo na ugonjwa, nilitumwa kuitia ugonjwa. Nilifungua boksi la amplifaya, nikakipata kile kiskrubu kidogo cha kurekebishia nguvu, nikakizungusha kurudi nyuma. Kazi ya dakika moja. Ndiyo kazi pekee ya umeme niliyowahi kuifanya sawasawa maishani.

Kesho yake Mzee akanijia uso umeanguka. "Injinia. Imerudia kunong'ona."

"Pole, Mzee."

"Nadhani ni zile spika za nyuma. Jumapili twende mahali patulivu, wewe ukae nyuma uzisikilize, mimi nikae mbele."

Jumapili tukaenda. Akaegesha mbele ya lango la shule ya pacha, ambalo lilikuwa limefungwa, barabara tupu, kimya kabisa. Nikakaa kiti cha nyuma. Akawasha redio, tukasikiliza, akazima. Kisogo chake kilikuwa mbele yangu, kimenyolewa vizuri, masikio mawili makubwa pembeni, ya urembo tu.

Nikaamua kumpima. Nilihitaji uhakika, ndivyo nilivyojiambia.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya kawaida, uso nimeuinamisha kwenye magoti, "gari linaungua."

Hakutikisika.

"Mzee, nyuma yako kuna simba."

Anafuta usukani kwa leso.

Ikanijia raha ya ajabu. Miaka kumi na moja nina kitu kooni, na mbele yangu kuna mtu ninayemwogopa kuliko wote, na hasikii. Nikainua kichwa, nikaegemea kiti, nikasema yote.

"Mzee, mimi si injinia. Sijawahi kuwa injinia. Mimi ni msoma mita. Buti zangu nazificha kwenye mfuko wa plastiki. Ile redio niliiharibu, aliyeitengeneza ni mwanamke mmoja nyuma ya kituo cha mafuta. Umeme nauogopa. Hata balbu za nyumbani anabadilisha binti yako."

Nikashusha pumzi. Nilijisikia mwepesi, karibu nipae nitoke dirishani.

"Najua," akasema Mzee.

Wasomaji wangu, nimewahi kufukuzwa na mbwa watatu kwa mpigo. Moyo haukuruka vile.

"Unajua nini, Mzee?"

"Yote hayo. Ila hiyo ya balbu, sikuijua."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama juu, kwenye kioo cha katikati. Na ndani ya kioo kile, nikajiona mimi, mzima, kuanzia kidevu hadi nywele, mdomo umebaki wazi.

"Kiwandani kwetu," akasema, "mashine zilikuwa mia mbili kwenye ukumbi mmoja. Ukipiga kelele mpaka mishipa ikatike, aliye pembeni yako hakusikii. Tulikuwa tunaongea kwa midomo. Unatazama mdomo wa mwenzio ng'ambo ya ukumbi, unajua mtoto wake anaumwa, unajua amegombana na mkewe, unajua anamsengenya msimamizi. Mwaka wa kumi sikuhitaji masikio tena. Mwaka wa ishirini yakaona hayana kazi, yakaondoka."

"Kwa hiyo sisi wote nyumbani..."

"Nawasoma. Mkeo ana midomo safi sana, kama mama yake. Wewe unakula maneno."

"Na redio?"

Akakigusa kitufe cha redio.

"Redio haina midomo, mwanangu."

Tulikaa. Ndege mmoja akatua kwenye lango la shule, akaondoka. Nilitafuta la kusema, kwa uangalifu, maana sasa kila nilichokisema kilikuwa kinaonekana.

"Umejua lini kwamba mimi ni msoma mita?"

"Mwaka wa pili wa ndoa yenu. Nilikuona mtaa wa pili kutoka kwangu, umepanda juu ya tangi la maji, daftari mkononi, mbwa yuko chini. Nilisimama nikakutazama mpaka mbwa alipochoka."

"Hukusema."

"Ningesema ili iweje? Binti yangu alikuwa anacheka siku hizo. Ulikuwa unamchekesha. Nikasema, acha aitwe Injinia."

Nilitaka kushuka niingie kwenye mtaro wa maji. Miaka tisa! Miaka tisa nimeubeba uongo ule, mwishowe na buti kwenye mfuko wa plastiki, kumficha mtu aliyekuwa ananisitiri.

Sasa akageuka, akaniwekea macho yake mdomoni. Sasa nilijua alikuwa anatafuta nini humo siku zote.

"Yako nimeitunza miaka tisa," akasema. "Na wewe nitunzie yangu. Mkeo akijua, ataninyang'anya funguo kesho asubuhi. Si kwa ubaya. Kwa kunipenda. Atanipa kiti, ataniweka kivulini, ataniletea chai. Mimi nitakuwa natazama ukuta mpaka nife. Watoto wale asubuhi wananieleza ndoto zao, Injinia. Zote mbili, kwa wakati mmoja. Nina nini kingine?"

"Lakini, Mzee, lile gari la wagonjwa..."

"Naendesha polepole. Natazama kuliko mtu mwenye masikio mawili."

Na mimi nikatazama kile kioo cha katikati. Kioo kile dereva anakitegesha ili aone barabara nyuma yake. Cha Mzee kilikuwa kimeinamishwa kuelekea kiti cha nyuma. Hakikuonyesha barabara hata kidogo. Kilionyesha mahali wanapokaa pacha, urefu wa midomo yao.

Ndipo nilipoelewa alichosema Kulwa mezani. Babu anatusikia sisi. Akiwa anazisoma ndoto zao midomoni, nyuma ya gari hana masikio na hana macho.

Ningesema hapohapo. Mzee alikuwa ananitazama mdomoni, tayari kusoma. Na mimi, niliyeshindwa kusema hapana, nikakohoa, miaka kumi na moja iliyopita, nikasema:

"Sawa, Mzee."

Akatabasamu, akawasha gari, tukarudi nyumbani. Sikulala vizuri, na sina haja ya kuwasimulia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama uani, mfuko wa buti mkononi. Pacha walikuwa wameshaingia garini, wamekaa nyuma, wanagombania upande wa dirisha. Mzee alikuwa mbele ya gari, ametugeuzia mgongo, anafuta kioo kikubwa kwa gazeti la zamani. Ana utaratibu wake, anafuta kuanzia kona.

Mama Pacha akatoka na mikoba ya shule. Nilidhani atampelekea kama kila siku. Hakumpelekea. Alisimama hatua nne nyuma ya baba yake.

"Baba," akaita.

Mzee anafuta.

"Baba."

Anafuta. Pacha wakanyamaza garini.

Mama Pacha aliweka mikoba chini. Akachukua ndoo ya bati iliyokuwa ukutani, akainua mkono, akaiachia kwenye sakafu ya saruji. Ule mlio ulinipiga mpaka kwenye meno. Kuku wa jirani walitawanyika. Doto akaziba masikio.

Mzee akakunja gazeti upande wa pili, akaendelea na kona ya chini.

Mke wangu hakumtazama tena baba yake. Alinitazama mimi. Nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba hapo hakuna pa kupitia.

"Baba Pacha," akasema. "Watoto wangu wako ndani ya hilo gari. Wewe ulikuwa naye jana. Niambie hapahapa. Baba yangu anasikia, au hasikii?"

Mzee alimaliza kona yake. Akageuka, gazeti mkononi, tabasamu la asubuhi usoni, na akayakuta maneno ya mwisho ya binti yake yakiwa bado yapo kwenye midomo ile safi isiyokula neno. Tabasamu likasimama. Akaiona ndoo imelala sakafuni. Akawatazama pacha kupitia kioo alichokuwa anakifuta.

Kisha polepole akayaleta macho yake kwangu, akayaweka mdomoni mwangu, akasubiri.

Nikaufungua, safari hii bila kukohoa.